Mama mgeni Dodoma: abishe hodi mlango upi kwanza?

Alikuja saa za magharibi, kitenge amekivuta hadi puani. Alipokishusha nikaona mdomo wa chini umepasuka na damu imeganda kidevuni. Kwapani alibana mfuko wa sandarusi uliowahi kubeba sembe ya kilo 5. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, pasipoti ya Burundi iliyoliwa na unyevu, na risiti za kodi ya chumba huko Nkuhungu, zimekunjwa mara nne. Nilimkaribisha akae. Kabla hajakaa akasema, "Mama, watu wameniambia niende UN. Nipeleke UN."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi tangu nianze kujitolea kama msaidizi wa kisheria hapa mjini. Mwanamke mgeni akipigwa, akidhulumiwa mshahara au akifukuzwa na mume, jirani humwambia aende UN, au kwa wanasheria wanawake, au kanisani, au polisi. Wote wanamtakia mema. Lakini milango hiyo haifanani, na kuna mmoja au miwili ambayo ukiianza kabla ya mingine unaweza kumtumbukiza mwenzako katika tatizo kubwa kuliko alilokuja nalo.

Nimeshafanya kosa hilo mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimshika mkono dada mmoja Mkongo nikampeleka moja kwa moja kwenye ofisi ambayo sitaitaja, nikiamini wakisikia alivyoteswa na mwajiri wake watamsaidia. Swali la kwanza lilikuwa kibali cha ukaazi. Hakuwa nacho. Alilala ndani siku mbili, na mwajiri aliyemtumikisha miezi saba bila malipo hakuulizwa lolote. Naandika ulinganisho huu ili wewe unayempokea mgeni, uwe mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mama wa kikoba au mwenye nyumba tu, usirudie nililofanya.

Kipimo ninachotumia siku hizi ni swali la kwanza mlangoni. Kuna milango inayouliza "umeumia wapi?" na kuna inayouliza "karatasi zako ziko wapi?" Yote ina haki ya kuuliza inachouliza. Kazi yetu ni kuipanga.

Hospitali na dawati la jinsia

Kwa aliyepigwa au kubakwa, mimi natanguliza hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Za kuzuia mimba zina nafasi ya siku 5. Huyu wa Nkuhungu tulikwenda naye General, hospitali ya mkoa, usiku uleule kwa bodaboda mbili. Pale mapokezi sema saa ngapi zimepita tangu tukio, kwa sauti ya chini lakini kwa uwazi, maana mhudumu asipojua muda anaweza kumpanga foleni ya kawaida.

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo linalotoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na bila PF3 kesi ya shambulio huwa haina miguu mahakamani. Kwa hiyo huwezi kulikwepa. Tofauti ni kwamba hospitali inamtazama kama mgonjwa, na dawati liko ndani ya jengo la polisi ambamo suala la uraia linaweza kuibuka wakati wowote. Askari wa dawati niliokutana nao wengi ni watu wenye huruma, wamefundishwa kumsikiliza mtu faragha, hawavai sare kila mara. Shida huwa kaunta ya mbele, kabla hujafika kwao. Mwenye karatasi sahihi anaweza kwenda asubuhi na ndugu au jirani. Asiye nazo, au aliye na pasi iliyokwisha muda, aende akiwa amesindikizwa na mwanasheria au msaidizi wa kisheria, na ukifika kaunta uliza dawati moja kwa moja bila kuanza kusimulia mbele ya watu.

Jua kwanza ni mgeni wa namna gani

Kabla sijazungumzia mashirika makubwa, niseme hili kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanawake tunaowaita kwa mkupuo "wakimbizi" hapa Dodoma, sheria inawaona kwa namna tofauti kabisa.

Kuna aliyekimbia vita au mateso na anaomba hifadhi. Kuna aliyekuja kwa hiari kutafuta maisha: anasuka nywele, anauza vitenge, ameolewa na Mtanzania, anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Wa nchi za Afrika Mashariki huingia kwa pasi ya mgeni bila viza, lakini pasi hiyo haimruhusu kufanya kazi, na wengi hawalijui hilo mpaka siku wanapokamatwa. Kuna aliyeletwa kwa udanganyifu, akaahidiwa kazi ya dukani akajikuta anafanya kazi za ndani bila mshahara na pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa bosi. Huyo analindwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na anapaswa kutazamwa kama aliyetendewa uhalifu.

Halafu kuna wa nne, ambaye ananiuma zaidi kwa sababu ni mwenzetu kabisa. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa makazi ya Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo ambako leo ni Katavi. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa uraia wa tajnisi, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Binti wa familia hiyo akija Dodoma kufanya kazi ni raia kama mimi. Akiitwa mkimbizi na mwenye nyumba au na mwajiri, anachohitaji ni cheti chake cha uraia, kitambulisho cha NIDA na mtu wa kumtetea. Shirika la wakimbizi halimhusu hata kidogo. Nimekutana na mmoja aliyekuwa akificha cheti hicho chini ya godoro kwa aibu, wakati ndicho kingemaliza ugomvi wake wote.

UNHCR na IOM

Watu huyachanganya kwa kuwa yote mawili yana bendera ya buluu na magari meupe. UNHCR, lililoanzishwa 1950, ni la wakimbizi na waomba hifadhi. IOM, lililoanzishwa 1951, ni la wahamaji kwa mapana yake: waliokwama njiani, waliosafirishwa kwa udanganyifu, wanaotaka kurudi kwao kwa hiari na hawana nauli wala hati.

Kwa anayeishi Dodoma, UNHCR ni mlango wa mbali, na lazima tuambiane ukweli. Tanzania inafuata utaratibu wa kambi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, kwa ofisa mwenye mamlaka au hata mtendaji wa kijiji, kisha akae eneo lililotengwa. Maeneo hayo kwa miaka mingi yamekuwa mkoani Kigoma: Nyarugusu kule Kasulu tangu 1996, na Nduta ya Kibondo iliyofunguliwa tena 2015 Warundi walipofurika. Anayetoka kambini anatakiwa awe na kibali. Na anayeamua nani apewe hadhi ya ukimbizi ni Serikali, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. UNHCR husaidia na kufuatilia, lakini haliwezi kumwandikia mama karatasi ya kukaa Area C na kufungua saluni.

Kwa hiyo ukimwambia mwanamke "nenda UN", mara nyingi maana yake ni "rudi Kigoma". Kwa mwingine hiyo ndiyo nafuu. Kambini kumekuwa na huduma ambazo hapa mjini hazipatikani kirahisi. IRC, shirika la kimataifa la misaada, limewahudumia wanawake waliofanyiwa ukatili, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, kimepeleka wanasheria hukohuko. Mwenye watoto watatu na asiye na hata senti anaweza kupumua. Lakini yule ambaye mume aliyemkimbia yuko kambini, au adui wa ukoo wake yuko kambini, kumrudisha bila kumsikiliza ni kumrudisha kwenye mdomo wa fisi. Muulize, tena zaidi ya mara moja, mkiwa wawili peke yenu: huko unakotoka, unamwogopa nani?

IOM ni jepesi zaidi kwa anayetaka kwenda nyumbani. Dodoma tuna sababu ya kulifahamu. Barabara itokayo Arusha kupitia Babati na Kondoa hadi Iringa ndiyo njia ya vijana wa Ethiopia wanaotafuta Afrika Kusini, na Juni 2012 tulipata msiba ambao Kongwa haitausahau: zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa pale Chitego baada ya kusafirishwa wamefungiwa ndani ya lori. Wengi wa wasafiri hao ni wanaume, lakini wasichana wamo, na ndio hufichwa zaidi. IOM limekuwa likiwasaidia waliokwama au kuachiwa magerezani kurejea kwao. Udhaifu wake kwa mahitaji yetu ni kwamba mwanamke anayetaka kubaki Tanzania kudai mali au mtoto hatapata mengi kwao.

Kama mtu anatakiwa afike Dar es Salaam, kumbuka kuna pia Dignity Kwanza, shirika la msaada wa kisheria ambalo zamani liliitwa Asylum Access Tanzania, nalo linawajua vizuri wakimbizi wanaoishi mijini kuliko mtu yeyote niliyewahi kuongea naye. Wasichana waliotumikishwa, shirika la KIWOHEDE limekuwa likiwapokea tangu 1998. Treni ya SGR imefupisha safari, asubuhi unaondoka na mchana umefika. Ila tiketi yake inahitaji kitambulisho. Piga simu kwanza. Tangu 2025 fedha za wafadhili zimepungua kila mahali, na huduma iliyokuwepo mwaka juzi inaweza kuwa imefungwa.

TAWLA, LHRC, WOWAP, na sisi wa mtaani

Hapa ndipo ningependa mama mgeni aanzie, akishatibiwa. Wanasheria huuliza karatasi pia, lakini wanaziuliza ili wajue wakutetee vipi, na unachowaambia ni siri. Mwanasheria ndiye anayejua kama ni salama kwenda Uhamiaji leo, au tusubiri hadi nakala ya mkataba ipatikane.

TAWLA, Chama cha Wanasheria Wanawake, kiliundwa 1989 na kina ofisi hapa Dodoma. Kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na watoto ningekichagua bila kusita. LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoanza 1995, nacho kipo hapa. Ningekwenda kwao pale ambapo anayelalamikiwa ni mkubwa, kwa mfano mwajiri mwenye jina, au mtu ameshikiliwa muda mrefu bila kufikishwa mahakamani. Wao huandika ripoti ya haki za binadamu kila mwaka na wamezoea kupaza sauti. Ubaya wa kupaza sauti ni kwamba wanawake wengine hawataki kusikika. Mwambie mteja wako tofauti hiyo mapema. WOWAP, shirika la wanawake, ni la nyumbani, limezaliwa Dodoma, linavijua vijiji na mila zetu, na kwa mwanamke aliyeolewa Bahi au Chamwino litamwelewa haraka kuliko la mjini.

Sisi wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Haturuhusiwi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu, wala kudai malipo. Anayekwambia ni msaidizi wa kisheria na anataka "hela ya faili", mkimbie. Tunachoweza ni kusikiliza, kuandika barua, kukaa na pande mbili, kumsindikiza mtu. Tuna jambo moja ambalo ofisi hazina: tunapatikana saa 2 usiku.

Nieleze kesi moja kwa urefu, maana inaonyesha kwa nini mwanasheria wa kweli ni lazima. Mwanamke wa Rwanda, ameishi na mume Mgogo miaka sita bila kufunga ndoa. Alisuka nywele, akaweka akiba, wakanunua kiwanja upande wa Nala na kujenga vyumba viwili hadi kwenye linta. Hati ya mauziano ikaandikwa jina la mume peke yake. Walipogombana mume akamwambia, "Wewe ni mgeni, ardhi ya Tanzania si yako." Kwenye kikao cha mtaa kila mtu aliinamisha kichwa, kwa sababu mume alikuwa na nusu ya ukweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nusu aliyoificha ni hii: Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mke na mume kuwa wanaweza kuhesabiwa wanandoa, na mahakama inapogawa mali hutazama mchango wa kila mmoja, iwe ni fedha au kazi. Kwa hiyo anaweza asipate kiwanja, lakini jasho lake aliloweka kwenye matofali lina hesabu. Mwanasheria alimwomba kitu kimoja: daftari lake la kikoba. Lilikuwa limechakaa, kila Jumapili imeandikwa kwa kalamu, alichoweka na alichokopa. Tarehe za mikopo zilifuatana na tarehe za kununua saruji. Mume alipoona daftari lile kwenye meza alinyamaza.

Mimi peke yangu nisingejua kuomba daftari hilo.

Ustawi wa Jamii

Kwa mwenye mtoto, mlango huu hausifiwi vya kutosha. Ofisa ustawi wa jamii swali lake la kwanza, kwa niliowaona, ni la mtoto: yuko wapi, anakula nini, baba ni nani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matunzo na haijali mama ametoka wapi. Ukilinganisha na mashirika, Ustawi wana mamlaka ya kumwita baba na baba akaja. Mashirika huandika barua na baba huiweka mfukoni. Foleni ni ndefu na ofisa mmoja ana kata nyingi, kwa hiyo nenda mapema na kadi ya kliniki mkononi. Na mtoto akiwa hatarini, simu namba 116 ni bure.

Misikiti, makanisa na vikoba

Hawa hawatoi karatasi wala hawaendi mahakamani, lakini wiki ya kwanza wao ndio chakula na kitanda. WAWATA ya akina mama Wakatoliki, akina mama wa jumuiya za Kianglikana, akina mama wa msikitini: nimewaona wakichanga mchele, sabuni na nauli ndani ya siku moja, bila fomu. Hapo mashirika yote niliyoyataja hayafui dafu. Tahadhari yangu ni usiri. Habari iliyosimuliwa kwenye jumuiya Jumatano, Alhamisi iko sokoni Majengo, na mume anauza Majengo. Ongea na kiongozi mmoja tu. Usimruhusu mtu amsimamishe mama wa watu mbele ya waumini atoe ushuhuda wa mateso yake ili achangiwe.

Majina pia yasikupoteze. TCRS (Tanganyika Christian Refugee Service) lina neno "wakimbizi" ndani ya jina lake tangu 1964, na ni kweli lilianzia huko, lakini kazi yake nyingi siku hizi ni maendeleo ya vijiji. Nimeona mama akisafiri na watoto kutafuta ofisi kwa sababu ya jina tu.

Wanaouza "safari"

Huduma za UNHCR hazilipiwi. Fomu, usaili, kupelekwa nchi ya tatu, hakuna hata kimoja kinachouzwa. Hata hivyo bado kuna watu wanaopita kwa wanawake wa Kikongo na Kirundi wakiwaahidi kuwaingiza kwenye orodha ya Marekani kwa malipo. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Dada mmoja aliuza cherehani yake kumlipa mtu wa namna hiyo, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto. Ukisikia neno "orodha" na neno "hela" katika sentensi moja, mzuie mwenzako asitoe.

Huyu wa Nkuhungu hakupelekwa UN. Aliingia nchini na pasipoti kumfuata mume, hakuwa mkimbizi. Njia yake ilikuwa General usiku ule, mwanasheria kesho yake, dawati la jinsia siku ya tatu akiwa na mwanasheria pembeni, na Ustawi wa Jamii wiki iliyofuata kwa ajili ya mtoto. Suala la kibali tumeliacha mikononi mwa mwanasheria, naye ndiye atakayesema lini liende Uhamiaji. Anakaa kwa mama mmoja wa Chang'ombe ambaye anwani yake tunaijua watu watatu.

Mfuko wa sandarusi ameuacha. Nilimnunulia faili la plastiki lenye kifungo, tukaketi barazani kuzipanga karatasi: PF3, kadi ya kliniki, pasipoti, risiti za kodi, picha mbili za mdomo uliovimba zilizopigwa siku ile na kuandikwa tarehe nyuma. Nakala ya kila karatasi iko kwangu. Alhamisi saa 3 anarudi dawati, na mimi nitakuwa pale getini saa 2 na nusu.